Kubuni Handaki la Mchezo wa Masimulizi: Somo la Insha kwa Darasa la Sita

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kusahihisha insha za kubuni anakijua kisa hiki: mhusika aingia pangoni, akutana na simba, kisha joka, kisha jini, apata dhahabu, arudi kwao. Hakuna tukio lililozaa jingine. Makala haya yaeleza njia moja ya kuiponya kasoro hiyo, nayo ni kuwafanya wanafunzi wabuni handaki la mchezo wa masimulizi kabla ya kushika kalamu ya insha.

Mchezo huo ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, ambaye tutamwita msimulizi, ana ramani ya mahali pa chini ya ardhi ambayo wenzake hawaioni. Yeye huwaeleza wanachokiona na kukisikia. Kila mmoja wa waliosalia hushika nafasi ya mhusika, husema atendalo, na pale matokeo yanapokuwa na shaka hurushwa dadu. Mtoto aliyezoea kutegewa vitendawili na kusimuliwa hadithi usiku hahitaji maelezo marefu.

Vifaa si vingi. Pasipo dadu, vipande sita vya karatasi vilivyoandikwa namba 1 hadi 6 na kutiwa koponi vyatosha. Katika darasa la Temeke nililofundisha, tuligawanyika katika vikundi vya watu sita sita, na ramani zikachorwa nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani.

Siku ya kwanza sikufanikiwa. Niliwaachia wachore wapendavyo, nao wakanirudishia insha zile zile kwa umbo la vyumba. Nilipouliza simba aliyefungiwa katika chumba kisicho na mlango hula nini, darasa likacheka, kisha likanyamaza. Swali hilo ndilo lililokuwa somo.

Ndipo nikawapeleka, kwa maneno tu, hadi milima ya Pugu, ambayo wengi wao huijua kwa jina na kwa reli. Huko yako mahandaki yaliyochimbwa na watu waliotafuta kaolini, udongo mweupe utumiwao kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi. Wachimbaji waliondoka, popo wakahamia, na jioni hutoka kwa makundi kwenda kuwinda wadudu. Niliandika ubaoni maswali matatu: Nani alichimba? Alitafuta nini? Nani aliingia baada yake? Kisha nikaagiza kwamba hakuna chumba kitakachochorwa pasipo kujibu mojawapo.

Mabadiliko yalikuwa makubwa. Kikundi kimoja kilichora njia inayokwisha ghafla, kwa kuwa hapo udongo mweupe ulikwisha. Kingine kiliweka ghala la sururu karibu na mlango, kwani nani angebeba sururu hadi mwisho kila asubuhi? Zimwi lao halikuwa na macho, kwa sababu ya giza, bali lilisikia mno. Na mchezaji mwangalifu angeligundua mapema kwa nyayo zilizoachwa katika vumbi jeupe. Hata hazina haikuwa dhahabu tena, bali daftari la majina ya vibarua. Handaki lilikuwa limepata kiini, na kila chumba kilikitii kiini hicho.

Dadu nalo lilitupatia hesabu bila kuombwa. Tulikubaliana kwamba kunyata mbele ya zimwi hufaulu kwa 5 au 6 tu. Wanafunzi walilalamika kuwa wanaonewa, hata tulipokokotoa kuwa hiyo ni theluthi moja. Wakadai mwenye kuvua viatu afaulu kuanzia 4. Nikakubali, maana sababu ilikuwa nzuri.

Sina budi kueleza kosa langu. Kikundi kimoja kiliomba kutumia chumba cha Mangapwani, Unguja, kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo watumwa walifichwa baada ya mkataba wa mwaka 1873 kuipiga marufuku biashara hiyo kwa njia ya bahari. Niliwaruhusu, nikidhani historia itaingia kwa urahisi. Mchezo ulipofika mahali pa kurusha dadu kuamua nani atoroke, msichana mmoja aliweka dadu chini akasema hawa walikuwa watu. Nilisimamisha mchezo. Wapo watakaosema kwamba ingewezekana kuuendesha kwa heshima. Mimi sijaona namna ya kuifanya bahati ya dadu iamue mateso yaliyowapata watu kweli bila kuyapunguzia uzito. Mangapwani nimeihamishia kwenye kipindi cha historia, na huko hatuchezi.

Mwalimu atakayejaribu atenge vipindi vinne: kimoja cha maswali na ramani, viwili vya kucheza, cha mwisho cha insha. Wanafunzi waonywe wasiende kuingia mahandaki ya Pugu wenyewe, kwa kuwa kuta huweza kuporomoka na kinyesi cha popo huweza kuleta maradhi ya mapafu. Katika insha, kila mmoja aandike safari ya kikundi chake kwa nafsi ya kwanza. Ninaposahihisha, huweka mstari chini ya kila "kwa hiyo" na "kwa sababu" iliyo ya kweli, na alama huanzia hapo.