Kufundisha Kauli ya Kutendesha katika Somo la Kiingereza

Utangulizi

Mwalimu wa Kiingereza katika shule za msingi za Shinyanga na Geita hana budi, siku moja, kukutana na sentensi ya namna hii katika daftari la mwanafunzi: "My mother is eating the baby." Mwanafunzi aliyeiandika hakukusudia jambo la kutisha. Alitaka kusema kwamba mama anamlisha mtoto. Alitafuta neno la Kiingereza lenye maana ya kula, akalipata, kisha akakosa mahali pa kuitia ile "-sha".

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mwanafunzi chanzo cha kosa hilo, na kumpa njia ya kulisahihisha pasipo kumkaririsha mtoto kanuni tupu.

Chanzo cha tatizo

Katika Kiswahili, kauli ya kutendesha huundwa mwishoni mwa kitenzi. Lima huwa limisha, cheka huwa chekesha, soma huwa somesha. Vitenzi vingine hugeuza sauti ya mwisho: ruka huwa rusha, pona huwa ponya, jaa huwa jaza. Kisukuma nacho, ambacho ni lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa sehemu hizi, ni lugha ya Kibantu, na huongeza viambishi katika kitenzi vivyo hivyo. Basi mtoto huingia darasani akiwa na lugha mbili zimwambiazo kwamba jambo hili hufanyika ndani ya kitenzi chenyewe.

Kiingereza hakina kiambishi cha kutendesha kiwezacho kutiwa katika kila kitenzi. Kina njia tatu:

(a) Kutumia neno jingine kabisa. Kula ni "eat", lakini kulisha ni "feed". Kuona ni "see", lakini kuonyesha ni "show".

(b) Kutumia neno lile lile bila kuligeuza. Maji yanachemka: "The water is boiling." Asha anachemsha maji: "Asha is boiling the water."

(c) Kuweka kitenzi cha kusababisha mbele ya kitenzi kikuu. Vitenzi hivyo ni "make", "get" na "have".

Njia mbili za kwanza ni za msamiati, nazo hufundishwa neno kwa neno. Njia ya tatu ndiyo iliyo somo letu.

Nani alitenda, na je, alipenda?

Tuchukue sentensi iwezayo kueleweka na mtoto yeyote wa Nyarugusu au Rwamagasa: "Mwenye duara aliwabebesha vijana mawe." Je, vijana walilazimishwa? Walishawishiwa? Au waliagizwa tu, kwa kuwa ndiyo kazi yao ya kila siku? Kiambishi chetu hakisemi. Msikilizaji huyapata hayo katika mazungumzo. Mwenye kutumia Kiingereza, kinyume chake, hana budi kuchagua:

"The owner made the young men carry the stones." Aliwalazimisha.

"The owner got the young men to carry the stones." Aliwashawishi wakakubali.

"The owner had the young men carry the stones." Aliwaagiza kwa madaraka yake.

Mwalimu aangalie pia umbo. Baada ya "make" na "have" hatuweki "to". Baada ya "get" twaiweka. Lakini sentensi ya "make" ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" hurudi: "The young men were made to carry the stones." Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata walimu.

Kazi ifanywayo na fundi

Kuna upande wa pili wa tatizo. Mara nyingi Kiswahili hakimtaji mtendaji hata kidogo. Mtu husema, "Nimenyoa nywele," hali kinyozi ndiye aliyenyoa. Husema, "Baba amejenga nyumba," hali mafundi ndio waliojenga. Wachimbaji husema, "Tumesaga mawe," hali mwenye karasha ndiye aliyeyasaga. Kwa Kiingereza, "I have cut my hair" yaweza kueleweka kwamba msemaji alishika mkasi mwenyewe. Yapasa kusema: "I have had my hair cut." "My father has had a house built." "We have had the stones crushed." Mpangilio ni huu: "have", kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi.

Hatua za kufundisha

Somo hili lafaa kwa Darasa la VI na la VII, nalo ligawanywe katika vipindi viwili.

Kipindi cha kwanza: Kiranja amwamuru Juma kufuta ubao. Mwalimu aulize kwa Kiswahili: Nani amefuta? Nani amesababisha? Ndipo aandike: "The prefect made Juma clean the board." Kisha igizo lirudiwe, safari hii kiranja akimbembeleza Juma kwa kumwahidi mpira: "The prefect got Juma to clean the board." Watoto waseme wenyewe tofauti waliyoiona kabla mwalimu hajaieleza. Matumizi ya "have" pamoja na mtu yaachwe mpaka haya mawili yazoeleke.

Kipindi cha pili: Mwalimu achore ubaoni cherehani, mashine ya kusaga na kiti cha kinyozi. Kwa kila picha watoto waseme ni kazi gani watu hupeleka hapo, kisha watunge sentensi za "have".

Zoezi: Sema kwa Kiingereza: (1) Mwalimu alituchekesha. (2) Shangazi ameshona gauni kwa fundi. (3) Mchungaji aliwanywesha ng'ombe. (4) Mjomba alimsomesha.

Majibu: (1) "The teacher made us laugh." (2) "My aunt has had a dress made." (3) "The herdsman watered the cattle." (4) "His uncle paid his school fees." Jibu la nne lionyeshe darasa kwamba yafaa kutafsiri maana, si kiambishi.

Hitimisho

Mwanafunzi aliyeulizwa habari za likizo yake aweza kuandika: "I carried stones." Mwingine, akiwa na maarifa ya somo hili, aweza kuandika: "I was made to carry stones." Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, lakini ya pili inamtaja mtu mwingine asiyeonekana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya umri wa miaka 18 kuajiriwa mgodini penye mazingira ya hatari. Kwa hiyo mwalimu asiishie kutia alama ya vema. Amwite mtoto kando, amwulize kwa upole maswali yale yale mawili ya darasani: Nani alitenda, na je, alipenda?