Lango la Jaa

Andiko: Nehemia 3:1-32

Wapendwa, sura hii wengi wetu huiruka. Ni majina tu, tena magumu! Lakini isome na kalamu mkononi, uweke alama kila panaposemwa mtu alijenga mbele ya nyumba yake. Mbao Nehemia alipewa na mfalme. Mikono ilikuwa ya wenyeji.

Sisi wa Eastlands tuna jaa letu. Lile la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanamwaga. Mwaka 2007 UNEP ilitoa ripoti: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiasi. Hao ni watoto wa Sunday school zetu.

Tunaomba Mungu aiguse serikali, na tuendelee. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na haki hudaiwa. Lakini kuna vijana Dandora ambao hawakungoja. Kikundi cha Mustard Seed, ndiyo, ile haradali ya Mathayo 13, kilianza na ua mmoja kati ya ploti. Wakazoa taka, wakapanda miti, wakapaka rangi, na wenyeji wakakubali kutoa ada ndogo kila mwezi. Baadaye Dandora Transformation League ikaleta mashindano ya Changing Faces, ua kwa ua. Huko Korogocho nao Komb Green Solutions, wengine wao waliowahi kuwa wahalifu, wamegeuza ukingo wa Mto Nairobi kuwa bustani.

Angalia hiyo ada ya kila mwezi. Usafi wa siku moja, na tisheti mpya na picha kibao, mtaro huusahau kabla ya Jumapili.

Sasa mstari wa 14. Lango la jaa, palipotolewa uchafu wa mji, lilijengwa na Malkiya, mkuu wa mtaa mzima. Wakuu wa Tekoa, mstari wa 5, walikataa kazi. Kwetu ufagio hushikwa na kina mama na vijana. Wazee, mashemasi na wachungaji tunangoja kufungua kwa maombi.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: Taka za ploti yenu huzolewa na nani, na hulipwa ngapi? Chupa za maji za mkutano wetu wa injili huishia wapi? Ni mzee gani wa kanisa ataanza na mtaro ulio mbele ya lango letu, Jumamosi hii saa moja asubuhi?