Chasisi Isiyo na Jina: Itambue Kabla Haijakatwa

Usianze na injini. Gari lililokaa barabarani miaka mingi hapa Bujumbura limekwisha kufungwa kila kilichopatikana: injini ya huyu, giaboksi ya yule, difu iliyotoka kwenye gari la tatu. Kinachobaki cha asili ni mihimili miwili mirefu, vyuma vilivyokingama kati yake na vikono vinavyoshika springi. Hivyo ndivyo vya kuhojiwa kwanza.

Nasema hivi nikiufikiria mtaa wa Ngagara, ambao wazee bado huuita OCAF kwa jina la ofisi ya Wabelgiji iliyoujenga miaka ya 1950. Nyua za umri huo ndimo unamoweza kukuta chasisi kuukuu ikibeba tangi la maji au imegeuzwa trela. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaithamini kwa kilo. Mimi naamini inastahili saa moja ya kazi kabla msumeno haujaigusa, kwa sababu ikishakatwa hakuna atakayeweza kuitambua tena.

Chukua tepu, brashi ya waya, mafuta ya taa, chaki, sumaku na seti mbili za spana, ya milimita na ya inchi. Pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kushoto na kulia. Vipimo viwili vikitofautiana, chasisi imepinda, nawe pima tena. Kama ekseli zimeng'olewa lakini springi zipo, tumia bolti inayozifunga pamoja. Ndipo ekseli ilipokaa. Kama springi nazo hazipo, chukua nusu ya umbali kati ya vikono viwili vya springi, ukijua kwamba hilo ni kadirio, maana si kila springi imefungwa katikati hasa.

Sentimita 254 zinaelekea Ford T, 263 Ford A. Volkswagen ile ya mgongo wa duara ina 240. Land Rover fupi ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ina 224, ndefu yake 277. Toyota Land Cruiser FJ40 ina 228.5, kwa hiyo ukipima kwa uzembe utaiita Land Rover. Tofauti hiyo ya vidole viwili au vitatu ndiyo inayodai tepu ivutwe sawasawa.

Kipimo chenye utata mkubwa zaidi ni 203. Jeep ya Vita vya Pili ina 203, na Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, nayo ina 203, kwa sababu Rover walianza kwa kuichunguza jeep na mfano wao wa majaribio waliujenga juu ya chasisi ya jeep. Hapo achana na tepu, uangalie chuma chenyewe. Mhimili wa jeep una tumbo wazi kwa sehemu kubwa, nao umeunganishwa kwa riveti. Mhimili wa Land Rover ni boksi lililofungwa pande zote nne, limetengenezwa kwa mabamba yaliyochomelewa. Pitisha kidole kwenye kona utausikia mshono.

Ukishajua ni jeep, nenda kwenye chuma cha kukingama cha mbele kabisa. Kikiwa bomba la mviringo, imeundwa na kampuni ya Willys. Kikiwa na pande bapa, imetoka Ford, na kwenye vichwa vya bolti za asili utakuta herufi F.

Ukishajua ni ya ukoo wa Land Rover, usikimbilie kusema imetoka kiwanda cha Solihull, Uingereza. Kampuni ya Minerva ya Antwerp iliunda Land Rover kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji kuanzia 1952. Hapa ndipo sumaku inapofaa. Madigadi ya Land Rover ya Uingereza ni ya aloi ya alumini, sumaku haishiki. Ya Minerva ni ya chuma, tena yameinama kwa mbele. Kipande kimoja cha digadi kilichobaki chini ya mwembe kinatosha kukata shauri.

Springi nazo zina lao. Zikikingama, moja mbele na moja nyuma, kutoka gurudumu hadi gurudumu, huenda una Ford ya zamani. Usishangae kuikuta hapa: kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Antwerp tangu 1922. Ukikuta sakafu ya bati yenye mgongo mmoja katikati, bila mihimili ya pembeni, hiyo ni Volkswagen. Peugeot 404 ya abiria usiitafute kabisa, kwani bodi yake na chasisi ni kitu kimoja.

Rimu hubadilishwa, lakini habu hukaa zaidi. Kwenye habu ya bolti tano, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi ya jirani yake. Milimita 82 ni jeep, 97 Land Rover, zaidi kidogo ya 120 Volkswagen ya zamani. Land Cruiser ina bolti sita.

Kisha jaribu spana kwenye nati zilizokaa tangu kiwandani. Nati ya inchi 9/16 inaikataa spana ya 14 na inacheza ndani ya 15. Hiyo ni Marekani au Uingereza. Duara tatu zilizoungana juu ya kichwa cha bolti ni alama ya Mwingereza wa miaka ya 1950 na kuendelea. Spana za milimita zikiingia zote bila shida, fikiria Ujerumani, Ufaransa au Japani.

Matundu ya stelingi boksi yanaonyesha gari liliundiwa soko gani, si nani aliyeliunda. Yakiwa kushoto, linafaa njia za Ubelgiji na Burundi. Yakiwa kulia, huenda lilivuka kutoka Tanganyika.

Namba ya chasisi iache mwisho. Land Cruiser itafute kwenye mhimili wa kulia mbele, Land Rover za baadaye kwenye kikono cha springi ya mbele kulia, Volkswagen kwenye mgongo wa sakafu chini ya kiti cha nyuma, Ford A juu ya mhimili wa kushoto. Usitumie grainda hata kidogo: inakula namba pamoja na kutu. Loweka kwa mafuta ya taa usiku mzima, sugua taratibu, paka chaki, ufute juu ili nyeupe ibaki ndani ya michoro. Piga picha mwanga ukitokea ubavuni, asubuhi au jioni.