Feni ya Gari Isipozunguka: Somo Nililolipata Chini ya Boneti

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka kukusimulia juu ya ufa mdogo ambao nusura uteketeze gari la mjomba wangu, gari ambalo ndilo hunilipia karo katika shule hii. Kisha nitakueleza jinsi ya kuutafuta ufa wa aina hiyo, kwani huenda nanyi nyumbani mna gari kuukuu.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya miaka ya tisini, nalo ni teksi hapa Isiolo. Likizo ya Agosti tulikuwa tukimpeleka mama mmoja mja mzito kliniki huko Meru. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Subuiga, taratibu nyuma ya lori, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Punde moshi ukafuka chini ya dashibodi! Mjomba alisimamisha gari, akazima injini na kukimbia kuchomoa kichwa cha betri. Tulinusurika, lakini yule mama aliketi juani kando ya barabara hadi matatu ilipopita ikamchukua.

Je, chanzo kilikuwa nini? Miezi michache kabla ya hapo feni ya rejeta ilikuwa imekataa kuzunguka. Fundi mmoja akaipiga "dairekti", yaani alivuta waya mbili mpya kutoka kwenye betri hadi kwenye feni, akaweka swichi ndani ya gari. Kazi ya kubonyeza swichi ilikuwa yangu, nami nilijiona kama rubani! Kumbe waya zile zilikuwa nyembamba, za kufungia redio, tena hazikuwa na fyuzi. Feni hula umeme mwingi. Waya nyembamba ikibebeshwa mzigo huo hupata moto, na pasipo fyuzi hakuna cha kuukata umeme.

Tulivutwa hadi mjini, tukaenda kwa mzee mmoja wa jua kali huko Bulapesa. Mjomba akamwambia, "Mzee, hii feni imekufa. Nitafutie ingine." Mzee akacheka. "Nani amekuambia imekufa? Umeipima? Kijana, niletee testa." Yafuatayo ndiyo niliyojifunza siku hiyo.

Kwanza, jua kama feni ndiyo yenye makosa. Gari likichemsha linaposimama au linapotambaa, kisha likapoa ukienda kasi, shuku feni, kwa sababu ukienda kasi upepo wenyewe hupoza rejeta. Likichemsha ukiwa kasi kwenye tambarare ya kwenda Archers, usiilaumu feni. Angalia kiasi cha maji, rejeta iliyoziba, themostati au pampu ya maji.

Pili, fahamu njia ya umeme. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kisha rilei, unaingia kwenye mota ya feni, halafu unarudi kwa waya ya ethi iliyofungwa kwenye bodi ya gari. Swichi ya joto, ambayo hukaa penye maji ya injini, ndiyo huiamuru rilei iwashe au izime. Njia hii ikikatika popote, feni haizunguki. Kwa hiyo kazi yako ni kufuata njia hatua kwa hatua, kama anayefuata nyayo za ngamia aliyepotea.

Hatua ya 1: Chomoa plagi ya swichi ya joto huku ufunguo ukiwa umewashwa na injini ikiwa imezimwa. Katika Corolla kama hii, feni inapaswa kuzunguka mara moja. Waliolitengeneza walikusudia kwamba waya ikikatika hapo, feni iwake badala ya kuzima, ili injini isiungue. Magari mengi ya Ulaya ni kinyume: huko huunganishwa waya mbili za plagi hiyo ndipo feni izunguke. Yetu ilinyamaza kimya.

Hatua ya 2: Pima fyuzi kwa testa, pande zote mbili. Taa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imeungua. Yetu ilikuwa nzima.

Hatua ya 3: Ichomoe plagi ya feni, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya nene. Ikizunguka, mota ni nzima. Yetu ilizunguka vizuri. Mjomba akabaki mdomo wazi, maana pesa za kununua mota alikuwa ameshazitoa mfukoni, nazo zilikuwa karo yangu ya muhula wa tatu.

Hatua ya 4: Pima plagi ya feni ukiwa umechomoa ile ya swichi ya joto. Taa ikiwaka, rilei inapitisha umeme. Yetu iliwaka.

Hatua ya 5: Ikiwa umeme unafika na mota ni nzima, basi hauna njia ya kurudi. Mzee alirudisha plagi ya feni, akaunganisha waya ya ethi na upande hasi wa betri kwa waya nene. Feni ikanguruma! "Si nilikuambia?" akasema. "Na usiiamini testa peke yake hapa. Taa inakula umeme kidogo, inaweza kuwaka hata kwa kutu. Feni haiwezi."

Tuliifuata waya ya ethi hadi kwenye bolti chini ya betri. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu na kufunikwa na unga mweupe wa asidi. Tuliisugua kwa kipande cha msasa cha bei ya mandazi mawili, tukaikaza na kuipaka grisi. Mambo yakaisha. Zile waya za dairekti, ambazo zilikuwa na ethi yake mpya, hazikuuponya ugonjwa. Ziliuficha tu, zikaongeza mwingine.

Tahadhari mbili, mpenzi msomaji. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo huzidi nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua hukurukia usoni yakiwa mvuke. Pili, feni ya umeme yaweza kuwaka bila hodi. Weka mbali vidole, leso na mikono ya kanzu.

Sasa mjomba hamruhusu mtu kusema "feni imekufa" kabla ya kuuliza, "Umeipima?" Swali hilo nimelileta hapa shuleni. Mwenzetu akipata alama duni katika hesabu, twasema upesi kwamba hana akili. Je, tumepima? Huenda ni bolti moja tu iliyoshika kutu.

Zoezi: Gari la jirani lachemsha likisimama. Fyuzi ni nzima, na mota ikipewa umeme wa betri yazunguka. Plagi ya feni haina umeme hata swichi ya joto ikichomolewa. Utashuku nini? Mleteeni majibu mhariri.