Kona za Kiroka si leseni ya mbio

 Unataka mjomba aridhie kuuza shamba la michungwa ununue gari la mbio. Amegoma, na sasa hamsalimiani. Kwa mjomba nitafika. Kuna jambo umelitaja kama sifa tu: kwamba ukishusha ndizi na abiria kutoka Mkuyuni kwenda Morogoro mjini hakuna anayekupita, na kona za Kiroka unazijua hata ukifumba macho.

Hapo moyo ulinipiga paa. Wale madereva wa mbio unaowahusudu hufungiwa barabara. Hatokei bodaboda upande wa pili, wala mama mwenye beseni kichwani. Tena hawaendi kwa kukariri. Kabla ya mbio, dereva na msoma ramani wake huipita njia mara chache kwa mwendo wa kawaida, wakiandika kila kona: imekunja kiasi gani, ina jiwe au korongo, inayofuata iko mita ngapi mbele. Siku yenyewe mmoja anasoma, mwingine anatii, hata vumbi likiziba kioo. Kumwamini mwenzako ukiwa umekanyaga mafuta, kwenye njia usiyoizoea, ndiyo kazi yenyewe. Wewe umezoea njia moja tangu utotoni, na nyuma umepakia watu wasioomba kushindana. Acha leo.

Najua, wapo walioanzia chini. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajavuma, na ushindi wa kwanza aliupata na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mbio hizo 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wako huenda walilipanda kama teksi. Lakini sikufichi, enzi zile zimepita. Leo kuna tairi, vyuma vya kinga ndani ya gari, mafundi, vipuri, na wadhamini wa kutafuta kwa tochi. Wengi wanaoshindana hapa nchini hula kwenye biashara zao, si kwenye usukani. Gari likibingirika mara moja, michungwa yote imekwenda.

Na mjomba hana kosa. Wewe Mluguru unajua kuliko mimi: shamba la ukoo wa mama halina muuzaji mmoja. Angekubali yeye, mama zako wadogo wangekudai nini? Kamwamkie jioni hii. Habari ya gari usiiguse.

Kisha waulize Automobile Association of Tanzania ratiba ya mashindano na utaratibu wa leseni. Safiri mapema, ufike magari yanapokaguliwa. Jitolee kwa mafundi: kubeba jeki, kubadili tairi, kuosha matope. Ukiona dereva anatafuta msoma ramani wa kufundisha, kaa kiti cha kushoto. Kofia ngumu utaazimwa.