NYASI BANDIA: FAIDA NA HASARA ZAKE



Katika somo hili tunachunguza jambo ambalo wengi hudhani linawahusu wachezaji tu. Nyasi bandia zimekwisha tandikwa katika viwanja kadhaa vya nchi zetu. Uwanja wa TP Mazembe mjini Lubumbashi, uliofunguliwa mwaka 2011, unazo. Uwanja wa Pelé mjini Kigali vilevile. Pengine kesho mwajiri wako atataka kuzitandika mbele ya ofisi au katika uwanja wa wafanyakazi. Lazima tujue tunapewa nini na tunaondolewa nini.

Nyasi hizi ni nini?

Ni zulia la plastiki lililofumwa mfano wa majani. Chini yake huwekwa kokoto za kupitisha maji. Katika viwanja vya mpira, kati ya majani hayo humwagwa mchanga na chembechembe za mpira, ambazo mara nyingi husagwa kutoka matairi yaliyochakaa. Kiwanja kimoja kamili huweza kuchukua tani 100 za chembechembe hizo. Nyasi hizi zilipata sifa huko Marekani mwaka 1966, zilipotandikwa katika uwanja wa Astrodome mjini Houston. Uwanja huo una paa, na nyasi za kweli zilikufa humo kwa kukosa mwanga.

Faida zake

Kwanza, hazihitaji mbolea, dawa za kuua wadudu, wala mafuta ya mashine ya kukatia majani. Pili, hazihitaji kumwagiliwa ili ziishi. Tatu, zinastahimili kuchezewa kutwa, hata wakati wa masika ambapo kiwanja cha kawaida hugeuka tope. Kiwanja kimoja huweza kutumiwa na timu nyingi. Hizi ni faida za kweli, tusizibeze.

Hasara zake

Kwanza ni joto. Majani hai hujipoza kwa kutoa mvuke, plastiki haiwezi. Penye jua kali hupata joto la nyuzi 60 na kuzidi, hata ikabidi kumwagia maji kabla ya mchezo. Hapo sehemu ya maji yaliyookolewa inapotea tena.

Pili ni uchafu. Mvua, upepo na viatu hubeba chembechembe hadi mitaroni, na kutoka huko hadi mitoni. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba uuzaji wa chembechembe hizo kwa viwanja ukome mwaka 2031. Tuwe macho: bidhaa inayokataliwa kwao isije ikamiminwa kwetu kwa bei ya kutupa.

Tatu ni mwisho wake. Zulia la kiwanja cha michezo huchakaa baada ya miaka 10 hivi. Kulitengeneza upya ni kazi ngumu, kwa sababu plastiki, mchanga na mpira vimechanganyika. Likichomwa ovyo, moshi wake ni sumu.

Nne, udongo uliofunikwa haulishi mdudu wala ndege.

Mfanyakazi naye?

Mtunza bustani anayekata majani na kumwagilia huonekana hana kazi tena. Lakini zulia nalo lahitaji kupigwa brashi, kuongezwa mpira na kusafishwa. Basi chama kidai afundishwe kazi hiyo na apewe kinga ya vumbi, badala ya kuachishwa.

Kwa maoni yetu, kiwanja kinachochezewa kutwa na timu nyingi chaweza kuwa na sababu ya kutandikwa plastiki. Bustani ya ofisi haina sababu hiyo. Ukoka na kivuli cha mti vyatosha. Na penye ulazima wa zulia, makumbi ya nazi yaliyosagwa huweza kushika nafasi ya mpira.

Maswali ya kujadili tawini

1. Mkataba unasema nani ataliondoa zulia likichakaa, na atalipeleka wapi?
2. Maji ya mvua kutoka kiwanjani yanaelekea wapi?
3. Watunza bustani wetu ni wangapi, na wameulizwa maoni yao?