Ulisoma au Ulitazama?

Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa tatu kaniandikia analalamika. Msimamizi kamrudishia sura nzima ya tasnifu, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Hii umeitoa wapi?" Anasema, dada, mchezo wa jukwaani niliutazama kwa macho yangu mawili, wanataka ushahidi gani tena?

Pole, mpenzi. Hata mimi yalinikuta. Nikiwa chuoni nilinukuu kauli iliyouchekesha ukumbi mzima, nikaweka jina la mtunzi na mwaka wa kitabu. Mwalimu kafungua kitabu, katafuta, wapi! Kumbe mwigizaji aliibuni palepale jukwaani, nami nimemsingizia mtunzi wa watu. Tangu siku hiyo sinukuu kabla ya kujiuliza: hili nililisoma au nililitazama?

Kama ulisoma, basi nukuu kitabu, tena kitabu hichohicho ulichoshika. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilitoka 1969, na mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka 1970. Hivyo ni vitabu viwili. *Julius Caesar* ya Shakespeare, Nyerere aliifasiri 1963, kisha akairekebisha, ikatoka tena 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mtunzi ni Shakespeare, lakini Kiswahili ni cha Nyerere, kwa hiyo mtaje na useme ni chapa ipi.

Kwa tamthilia ya nathari, ukurasa unatosha. Kwa ya kishairi, kama hii ya Shakespeare, wengi hutumia sehemu, onyesho na mistari. Katika *Julius Caesar*, hotuba ya Antony mazishini iko 3.2, yaani sehemu ya tatu, onyesho la pili, na mwenye chapa yoyote ataifikia. Ila chungeni: mtunzi mmoja anagawa mchezo kwa sehemu na maonyesho, mwingine kwa maonyesho na matendo. Fuata maneno ya kitabu chako, usimsahihishe mwenye mchezo.

Kama ulitazama, sasa kuna watu wengine wa kutajwa: mwongozaji, kikundi, ukumbi, mji na tarehe kamili. Mwaka peke yake hautoshi, maana mchezo wa Ijumaa si lazima uwe sawa na wa Jumamosi. Mtindo wa MLA unaliweka onyesho kwenye orodha ya marejeleo. Chicago kwa kawaida unaliacha kwenye tanbihi tu, kwa kuwa msomaji hawezi kurudi kulitazama. Kaulize idara yenu inafuata upi kabla hujachapa. Na kama uliangalia video, sema ni video, nani kaiweka na lini. Usijifanye ulikuwa ukumbini.

Jambo la mwisho, alama za kunukuu. Ukiziweka umeapa kwamba maneno yalikuwa hivyohivyo. Kama huna daftari la usiku ule, unategemea kumbukumbu tu, eleza kwa maneno yako na uyaache mabano ya kutaja onyesho yakae palepale.

Haya, wewe uliyeniandikia: pekua mkoba, tafuta tiketi na ile karatasi ya majina ya waigizaji. Umezitupa? Mtafute mwongozaji, umuulize tarehe na ukumbi. Kisha shika kitabu, kauli moja moja, uone ipi ni ya mtunzi na ipi ilizaliwa jukwaani. Hizo za jukwaani usizifute. Huenda ndizo zenye tasnifu yako.